Chungu cha Kitako Bapa

Nimekabidhi funguo za ghala la Itungi. Nilipewa mkono, nikapewa kikombe cha chai, kisha nikatembea hadi mtumbwini kurudi nyumbani, kama nilivyokuja siku ya kwanza, ila sasa nachechemea. Nyinyi vijana niliowaacha ghalani mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, hasa miaka ile ya Wajerumani, kwa kuwa wengine waliokuwapo wamekwisha kuzikwa. Mkaongeza kwamba wakubwa wa sasa wanatafuta namna biashara yetu itakavyowainua watu wa mwambao huu, na wanawake wasiachwe nyuma. Maneno hayo niliyasikia zamani kutoka kwa mtu mwema kabisa, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Sitaandika habari za mishahara wala vyeo, maana mshahara ulikuwa mfupi na cheo kilikuwa kirefu. Nitaandika habari za vyungu.

Mimi ni mzaliwa wa Ikombe. Kwetu mtu huja kwa mtumbwi, kwa sababu milima imesogea mpaka majini na haikuacha nafasi ya njia ya maana. Shamba la Ikombe ni kipande cha mtelemko, na mvua ikikasirika hukishusha ziwani pamoja na mihogo yake. Samaki tulikuwa nao, lakini mtu hali samaki na samaki. Nafaka ilikuwa bondeni kwa Wanyakyusa, na sisi Wakisi hatukuwa na kitu cha kuwapelekea isipokuwa udongo wetu. Wanyakyusa walikuwa wakitutania kwamba sisi ni watu tunaokula vyungu, na hawakuwa mbali sana na ukweli.

Ni lazima niwaeleze jinsi chungu kilivyouzwa, la sivyo hamtaelewa mengine yote. Bei ya chungu ilikuwa tumbo la chungu chenyewe. Mfinyanzi alikiweka uwanjani kwa mnunuzi, mnunuzi akakijaza mahindi, au maharage, au mpunga. Nafaka ile ikamiminwa kwenye kikapu cha mfinyanzi, naye akaondoka nayo. Chungu kikabaki. Hapakuwa na mizani wala pishi, na sikuwahi kuona watu wakigombana kwa biashara hiyo, ingawa niliwaona wakigombana kwa mambo mengine yote.

Tena mwanamke hakuzunguka ovyo na vyungu vyake. Kila mfinyanzi alikuwa na nyumba zake za kuuzia bondeni, alizorithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi. Mama yetu alikuwa na nyumba Bujonde, na macho yake yalipoanza kufifia aliikabidhi kwa dada yangu mkubwa, Atupele. Mwenye nyumba ile alikuwa mwanamke wa rika la dada, jina lake Subilaga, mke wa mkulima wa mpunga. Wawili hao waliitana mmanyani, ndilo neno la Kinyakyusa la rafiki. Mimi nilikuwa mpiga kasia wao. Niliwavusha wafinyanzi mpaka ufukweni, nikasaidia kubeba vyungu hadi Bujonde, nikakaa pembeni nikila ndizi za kuchoma wakati wao wakiulizana habari za watoto, za magonjwa, na za waume ambao hawakuwa wakisikia. Biashara yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko salamu.

Kampuni ya Wajerumani ilipojenga duka na ghala ufukweni Itungi, ilitafuta mtu anayezijua bandari zote za mitumbwi na anayejua kushika kitu kinachovunjika. Ndivyo nilivyoajiriwa. Siku ya kwanza nilipokelewa na msimamizi wa ghala, Mzee Sefu, mtu wa Kilwa aliyefika huku na msafara akiwa bado kijana, akawa kila mwaka anasema atarudi kwao. Alinifumba macho kwa kitambaa, akanipangia vyombo vya udongo mbele yangu, akaniambia nigonge kimoja kimoja kwa kidole kilichokunjwa. Chombo kizima hujibu. Chenye ufa hunyamaza, au hutoa sauti ya mtu mwenye mafua. Nilikosea vingi asubuhi ile na Mzee Sefu hakunicheka hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi. Hata leo siwezi kukaribishwa mahali bila kugonga kikombe kabla ya kunywa, na mke wangu ameacha kuomba radhi kwa wageni.

Alinifundisha pia kufungasha. Nyasi ziwe kavu lakini zisiwe za mwaka jana, maana zilizozeeka zinakuwa vumbi njiani na vyombo vinabaki vikigusana. Usibane sana, usilegeze sana. Ukimaliza, tikisa kreti na usikilize. Ukisikia kitu, fungua uanze upya. Mambo haya mnayajua, nami niliwakaripia kwa ajili yake mara nyingi. Nataka tu mjue kwamba hayakuwa yangu, yalikuwa ya Mzee Sefu, aliyekufa kwa homa mwaka mmoja kabla ya vita, akazikwa huku huku karibu na mto, akiwa bado anasema mwakani anarudi kwao.

Mkuu wa duka alikuwa Mjerumani mwembamba mwenye nywele nyekundu. Tulimwita Bwana Polepole, kwa sababu alipofika hakujua neno jingine la Kiswahili, akawa analisema kwa wapakuaji, kwa ng'ombe, hata kwa mvua. Baadaye alijifunza mengine. Nimefanya kazi chini ya watu wa kila namna, Wajerumani na Waingereza na Wahindi na sisi wenyewe, na sijapata mkubwa mwenye moyo kuliko yule. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za mtu mbaya. Ingekuwa habari za mtu mbaya, nisingejisumbua kuandika, maana hao mnawajua.

Msimu mmoja wa upepo wa kusini, mtumbwi wa wafinyanzi kutoka Ikombe ulipinduka ukiwa karibu kabisa na nchi kavu. Wapiga kasia waliokolewa. Wanawake wawili walizama, kwa sababu walikuwa wameshikilia vyungu. Tuliwalaza mchangani mbele ya duka, na Bwana Polepole akasimama pale kofia mkononi mpaka ndugu zao walipofika. Kesho yake alituita mimi na Mzee Sefu akasema jambo hilo lisitokee tena. Kampuni ilikuwa na mashua. Mashua itakwenda Ikombe kuvichukua vyungu vyote, itawapa wanawake nguo, chumvi, sabuni, na fedha kidogo ya kodi ya kibanda, na hakuna mwanamke atakayelazimika kuvuka ziwa tena. Alisema biashara isiyowasaidia watu wa mahali ilipo ni wizi wenye adabu. Nilimtafsiria Atupele maneno hayo naye akasema huyo Mzungu amelelewa na mwanamke.

Sherehe iliyofanywa Ikombe mashua ilipotia nanga mara ya kwanza sijaona mfano wake tena. Wanawake walicheza majini mpaka kiunoni. Waume nao walifurahi, kwa kuwa kodi ilikuwa ikiwafukuza kwenda kufanya kazi mbali, na sasa ilikuwa inatoka kwenye udongo wa wake zao. Nilipakia vyungu siku hiyo kwa mikono yangu na nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni iliyokomesha vifo.

Shida ilikuwa nani atavinunua vyungu hivyo vyote. Wanunuzi wa kampuni walikuwa Wazungu wa stesheni za serikali na wa mashamba, huku na ng'ambo ya ziwa. Walivisifia vyungu vyetu kwa urembo wake, ule wa udongo mwekundu na michoro myeupe, lakini wakalalamika kwamba havisimami. Chungu cha Kikisi kina kitako cha mviringo. Kinakaa juu ya mafiga matatu na moto unakizunguka sawasawa, na kisipokuwa jikoni kinakaa kwenye kata ya majani. Kwenye meza ya Mzungu kinaviringika na kumwaga maua. Kwa hiyo Bwana Polepole akaja Ikombe mwenyewe, akachuchumaa karibu na Atupele, akamwomba afinyange chungu chenye kitako bapa.

Dada alicheka, kisha akajaribu. Vya kwanza vilipasuka kwenye ukingo pale kitako kinapokutana na ubavu. Alibadilisha mchanganyiko wa udongo, akaacha vikauke kivulini muda mrefu zaidi, akavisugua pembeni kwa kokoto mpaka ukingo ukalainika. Msimu uliofuata vikasimama. Mama, ambaye sasa alikuwa haoni kabisa ila alikuwa bado akisugua vyungu kwa vidole, alikipapasa kimoja akauliza moto utapita wapi. Atupele akamweleza kwamba hicho si cha moto, ni cha maua. Mama akauliza kama maua yanapikwa. Tulicheka sote, na Mama naye alicheka.

Ndipo ikafuata miaka mizuri, na sitaificha. Watoto wa Ikombe walivaa nguo na kwenda shule ya misheni. Chumvi haikukatika nyumbani. Wasichana waliokuwa wanakua wakati ule walifundishwa chungu bapa tu, kwa kuwa ndicho mashua ilichokitaka, na walikifinyanga vizuri kuliko mama zao. Hakuna aliyekwenda tena bondeni. Nafaka tuliinunua dukani kwa kampuni, iliyoinunua kwa Wanyakyusa, na wote tulikuwa tunafika mlango mmoja bila kukutana. Hakuna aliyelazimishwa, na mimi sikuona ubaya wowote. Kama mnatafuta katika maandishi haya mtu aliyeona mapema na kuonya, hayupo.

Mashua ilikwenda na vyungu bapa na ilirudi na masufuria. Nilivifungasha vyungu kwa nyasi, na nyasi zile zile nikazitoa kwenye makreti ya masufuria yalipofika. Wake wa wakulima wa bondeni waliyapenda. Sufuria haipasuki ikianguka, na wafinyanzi hawakuonekana tena, watu wakapikie nini? Siku moja nilimwona Subilaga wa Bujonde amesimama mbele ya kaunta, anaipindua sufuria huku na huku kana kwamba anatafuta mdomo wake. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza kama mmanyani wake hajambo.

"Hajambo," nikamwambia. "Kazi zimemzidi tu."

"Nilimngoja mavuno yote mawili," akasema. "Nilimwekea maharage yale mekundu anayoyapenda. Mwisho tukayala."

Akalipia sufuria akaenda zake. Nilimpelekea dada salamu zile, naye akaona haya kidogo, akasema atakwenda Bujonde mashua ikipumzika. Mashua haikupumzika. Binti wa Subilaga akaolewa, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za bibi zetu hakuna chungu cha Ikombe kilichopelekwa kwenye harusi ya nyumba ile.

Halafu vita. Wajerumani na Waingereza walianza kupigana juu ya mambo yao, na kwa kuwa walikuwa huku, wakapigana huku. Bwana Polepole alivalishwa sare ya askari iliyompwaya. Alikuja ghalani kuniaga, akagonga chungu kimoja kwa kidole kama nilivyomfundisha, akasikiliza, akanipa mkono. Sikumwona tena, wala sikupata kusikia alikofia, kama alikufa. Duka likafungwa kwa mbao. Mashua ikachukuliwa na jeshi na ikaishia kuchomwa moto, wengine wanasema na wale, wengine na hawa. Kule Ikombe vyungu bapa vilikuwa vimepangwa ufukweni safu kwa safu, vimekwisha kuchomwa na kupakwa rangi, vinangoja kubebwa. Watu waliendelea kufinyanga kwa muda, maana hakuna aliyewaambia waache.

Kisha wakaja kuchukua wanaume kuwa wapagazi wa jeshi. Mume wa Atupele alichukuliwa akiwa ndani ya mtumbwi na wavu mkononi. Mimi niliachwa kwa sababu ya mguu uliovunjika zamani nilipoangukiwa na kreti, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata kwa mguu huu. Bondeni nako askari walipita wakabeba mpunga na ng'ombe, wakaondoka, wakaja wengine wakauliza kwa nini hakuna mpunga wala ng'ombe. Mitumbwi mizuri ilichukuliwa. Uvuvi ukabaki kwa wazee na wavulana, katika mitumbwi inayovuja. Mvua kubwa ilipoanza, mtelemko wetu uliteremka kama kawaida yake, na mihogo ikaenda nao.

Mtaniuliza kwa nini wanawake hawakurudi kufinyanga vyungu vya mviringo. Mnauliza kama watu walioshiba. Udongo wa Kikisi haukauki wakati wa mvua, kuni hazishiki, na chungu kilichochomwa kibichi hupasuka kwa mlio wa bunduki. Wazee waliokijua kile cha mviringo mikono yao ilikuwa inatetemeka kwa njaa, na mabinti walikuwa hawakijui. Jambo ambalo wanawake wa kwetu walikuwa wakilifanya bila kufikiri liliwatoka katika muda wa kulea mtoto mmoja. Watoto wa dada walianza kuvimba miguu. Yule mdogo aliacha kulia, na mliowahi kulea mnajua hilo lina maana gani.

Nyinyi mnaopanga kuwainua watu, hapa nitasimama kidogo, kwa sababu nikimaliza kusimulia sitakuwa na hamu ya kushauri. Sisemi msinunue kwa wanawake hawa. Nunueni. Lakini msinunue vyote. Mwache mwanamke abaki na sehemu anayoipeleka mwenyewe kwa mtu wake wa zamani, hata kama inamchelewesha kazi yenu, hata kama kwenye hesabu zenu inaonekana ni hasara. Kabla ya kumpa mkataba, mwulizeni ni nani aliyekuwa akinunua kwake kabla yenu, mwende mkamsalimu huyo naye. Mkimwomba abadilishe kazi ya mikono yake iwafae nyinyi, jiulizeni jirani yake ataitumia kwa kazi gani siku ambayo nyinyi hampo. Bwana Polepole aliondoa hatari ya ziwa, na nampa haki yake. Angeweza kuwapa mtumbwi mkubwa zaidi na kuwaacha waende walikokuwa wakienda. Halikumjia wazo hilo, wala halikutujia sisi. Miaka yote ya baada ya vita nililisema kila nilipopata nafasi, kwenye kila kampuni, na kila mara niliambiwa asante.

Sasa safari yenyewe. Atupele alichagua vyungu bapa vilivyo bora kuliko vyote, akavigonga kimoja kimoja, akavifunga kwa nyasi. Nilipata mtumbwi wa kuazima na mtoto wa jirani wa kukomba maji. Tulivuka asubuhi ziwa likiwa limetulia, tukatua, tukapita kando ya duka lililofungwa, tukashika njia ya Bujonde. Dada alikuwa amekonda hata kata haikutulia kichwani, lakini alitembea kwa mwendo ule wa zamani wa mtu anayekwenda kuuza. Njiani alinikumbusha nisile kitu chochote kabla hatujasalimiwa vizuri. Alisema isije ikaonekana kwamba tuna njaa.

Subilaga alikuwa uwanjani anapepeta pumba. Mume wake naye alikuwa amechukuliwa, na ghala lake la nafaka lilikuwa limeegemea upande mmoja, tupu. Alisimama alipotuona. Hakukimbia kumpokea dada mzigo kama zamani, ila hakugeuza uso.

"Ugonile, mmanyani," dada akasalimu.

"Ndaga," akajibu Subilaga. Akatutandikia mkeka, wakaulizana habari. Ziliisha upesi, kwa sababu kila jibu lilikuwa la msiba.

Kisha dada akafungua nyasi, akaviweka vyungu mbele yake. Vilisimama vyenyewe kwenye udongo wa uwanja, vizuri kabisa. Subilaga alichukua kimoja, akakizungusha, akaisifu michoro, na aliisifu kwa haki. Akainuka nacho mpaka jikoni, akakiweka juu ya mafiga, akakitazama. Akarudi nacho.

"Hiki kitapasuka motoni," akasema.

"Kinafaa kwa maji," dada akasema.

"Maji yangu ninayo pa kuyaweka."

Subilaga aliketi, akakiweka chungu mapajani mwake. Aliposema tena alisema kwa sauti ya chini, bila kejeli, kama mtu anayeuliza njia ili asipotee.

"Mmanyani, nina mpunga kidogo niliouficha darini. Nikikijaza hiki, nitakuwa sijanunua. Nitakuwa nimekupa. Nami sitaki kukukosea heshima, maana hujawahi kuja hapa kwa namna hiyo, wala mama yako. Niambie nijue. Umekuja kuuza, au umekuja kuomba?"

Nilimwangalia dada. Yule ndiye mwanamke ambaye watu wa mashua walikuwa wakimwogopa kwa ulimi wake, aliyemfundisha Mzungu jina la kila udongo, aliyejenga nyumba ya matofali mabichi kwa kazi ya mikono yake. Aliviangalia vile vyungu, akanyoosha mkono akakisogeza kimoja kidogo ili kikae sawa na wenzake, ingawa kilikuwa kimekaa sawa.

"Nimekuja kuomba," akasema.

Subilaga akapanda darini. Alijaza chungu kile kwa viganja mpaka kikafika shingoni. Zamani hapo ndipo utani ulipoanzia: mnunuzi angesema shingo haihesabiwi, mfinyanzi angesema shingo ameifinyanga nani, wangevutana na kucheka mpaka majirani waje kuamua. Siku ile dada hakusema neno. Subilaga alijaza shingo yote bila kuulizwa, akaongeza mpaka mpunga ukafanya kilima mdomoni, na punje zilizoanguka akaziokota akazirudisha. Vyungu vile vingine alimsaidia kuvifunga tena kwa nyasi.

Dada akafungua kikapu chake ili amimine, kama inavyofanywa. Subilaga akamshika mkono.

"Nenda nacho," akasema. "Kitakusaidia kubebea."

Alisema hivyo kwa huruma, na alitusindikiza mpaka mwisho wa migomba. Dada alimshukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, kwa kichwa kilichoinama. Ndani ya mtumbwi alikaa na chungu katikati ya magoti, amekikumbatia kwa mikono miwili, na maji yaliyokuwa yakiingia kwenye mtumbwi hakuyaona.

Watoto walitupokea majini. Walipouona mpunga walipiga kelele, hata yule mdogo aliinua kichwa. Mama alitoka nje akishika ukuta, akafuata sauti mpaka alipokuwa dada, akanyoosha mikono apokee kikapu. Mikono yake ikakutana na chungu. Alikipapasa tumbo, akashuka mpaka kwenye kitako, akarudi juu mpaka kwenye mpunga.

Hakuuliza habari ya mpunga.

"Atupele," akasema, "mbona chungu kimerudi?"